Asumini ya Agosti na ya Oktoba

Clerkenwell, London
14 Machi 1926

Mpendwa ndugu yangu Blaise,

Leo natimiza miaka thelathini na saba tangu uniage katika kituo cha treni cha Grasse. U hali gani? Kifua kimetulia baada ya baridi ile? Na mkeo Philomène, miguu inamruhusu kupanda ngazi? Mimi ni mzima. Macho yamefifia, ila pua bado inafanya kazi.

Barua yako nimeipata. Asante kwa kunikaribisha nije kumalizia uzee katika chumba cha mama, chenye dirisha linalotazama shamba la asumini. Ningekuwa nimeshafunga sanduku, kama mwanao Toussaint asingepita hapa wiki jana katika safari zake za biashara.

Nilimpikia dengu, nikamuuliza shamba linaendeleaje. Alicheka hadi akaweka kijiko chini.

"Asumini gani, baba mkubwa? Pale pana mizabibu tangu mwaka aliokufa bibi! Yale makopo ya mafuta ya asumini aliyokuwa akikutumia, baba alikuwa anakoroga tu humo chupa ya harufu iliyotengenezwa maabara. Pua yote hiyo, na hukugundua?"

Kisha akaniona uso, akauliza kama kuna chumvi.

Mama alikufa mwaka 1902. Mwaka 1908 nilimwekea mwajiri wangu wa kiwanda cha manukato, Bwana Pargeter, visahani viwili mezani: kimoja cha asumini ya maabara, kimoja kutoka kwenye kopo lako. Alinusa, akanusa tena. "Honorat, acha ukaidi. Mimi sioni tofauti, na wateja hawataiona."

Nilimjibu mbele ya wafanyakazi wote kwamba kimoja kina uhai na kingine ni maiti iliyopakwa poda. Nikaapa sitatia dawa za maabara katika manukato yangu maadamu ndugu yangu anaamka alfajiri kuchuma maua. Akanihamishia kwenye idara ya sabuni. Huko nilikaa miaka kumi na saba, hadi nilipostaafu mwaka jana.

Bwana Pargeter alikuwa amesema kweli. Tofauti haikuwapo.

Wala sizilaumu chupa zile. Baadhi ni nzuri, na wenzangu waliojifunza kuzitumia walitengeneza manukato yanayopendwa hadi leo. Ungeniandikia mstari mmoja tu, Blaise, nami ningejifunza. Badala yake kila mwaka uliniandikia habari za mvua na wachumaji.

Kuna jambo sikumwambia Toussaint. Unajua kama nijuavyo mimi kwamba asumini ya Agosti ni nyepesi, na ya Oktoba ni nzito, ina kitu kama jasho la mtu. Makopo yako ya Agosti na ya Oktoba yalinukia sawasawa, miaka sita mfululizo. Nililiona hilo. Nikawaambia watu: mkono wa ndugu yangu hautetereki. Harufu ya mafuta yenyewe ilikuwa ile ile ya yale aliyokuwa akiyayeyusha mama jikoni, na nilipoyanusa sikutafuta kingine.

Msimkaripie Toussaint, alidhani najua. Nisalimie Philomène, na dada Apollonie, mwambie soksi zimenitosha. Mungu akupe pumzi nyepesi, na mizabibu iepuke baridi kali.

Chumba cha mama mpeni Toussaint na mkewe. Mimi sitarudi.

Kaka yako, anayekupenda hata sasa,
Honorat