Mkono wa Mama kwenye Maji ya Ugenini

Jumamosi, 3 Julai 1999. Garsen.

Nimelipanga sanduku la Mama upya. Yeye anatia ndizi, mimi nazitoa. Nimemweleza kwamba Ulaya kuna ndizi. Amejibu kwamba hajui zimelimwa na nani.

Tunaondoka kesho. Kaka yangu Komora, fundi wa mitambo aliyeoa na kufanya makao Ujerumani, ametutumia tiketi sisi watatu: Baba, Mama na mimi. Likizo ya familia. Sidhani kama katika kijiji chetu kuna mtu aliyewahi kuyatamka maneno hayo mawili kwa pamoja.

Vijana wa kanisa la Tarasaa wameniomba nitoe mhadhara nitakaporudi: mashauri kwa msafiri wa Ulaya. Bwana DO, afisa wa serikali wa tarafa, amealikwa. Kwa hiyo nitaandika kila ninachokiona, kwa utaratibu, kama inavyompasa mwenye shahada. Sitaki kubabaika mbele ya mtu ambaye huenda kesho akaniajiri.

Naogopa barabara. Magari ya kwenda Malindi bado yanasindikizwa na askari kwa ajili ya majambazi. Mwenye basi anasema hakuna la kuhofia, kisha anatuuliza kama tumesali.

Jumanne, 6 Julai. Ujerumani.

Tumefika salama. Barabara ilikuwa shwari. Ndege pia, ingawa Mama aliushika mkono wangu tangu Mombasa hadi magurudumu yalipogusa ardhi, na nilipoamka kucha zake zilikuwa zimeacha alama.

Kwenye ukaguzi wa pasipoti Baba alimwimbia afisa ubeti wa wimbo wa Kijerumani ambao babu yake alifundishwa na wamisheni. Nilitamani ardhi ipasuke. Afisa alimtazama, akapiga mhuri.

Shauri la kwanza: msafiri abebe koti mkononi, si sandukuni. Wanakiita kiangazi. Meno yetu yaligongana.

Ijumaa, 9 Julai.

Mambo niliyoyaona. Saa nne za usiku bado kuna mwanga, na Mama hakubali kulala wakati anaouita alasiri. Watu hawasalimiani njiani. Mama huwasalimu wote, kisha husimama kungoja jibu. Baba humvuta ukosi: “Mama Komora, twende, hao hawatoki kijijini kwetu Ngao.”

Shemeji Anke, mke wa Kaka, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mpole, tena anasema Kiswahili cha kutosha. Ametuandalia vitanda, ramani na ratiba. Kila saa ina shughuli yake.

Nyuma ya nyumba, ng’ambo ya njia ya baiskeli, unapita mto. Mweusi, mpana kiasi, hauna kelele. Kingo zake ni nyasi tupu. Hakuna ua wa miti kama ule tunaousimika kwetu ili wanawake wateke maji mamba wasiwafikie. Mama aliutazama kwa muda mrefu. Aliuliza watoto wa hapa wanalindwa na nani. Shemeji akacheka, akasema mto huu una bata tu.

Mama hakucheka.

Jumapili, 11 Julai.

Nina hofu ambayo sijawahi kuijua. Nitaandika yaliyotokea kwa mpangilio, labda yatanitoka kichwani.

Tulikwenda kula chakula cha mchana kwenye nyasi za mtoni. Familia nyingine zilikuwepo. Mtoto wa kike, wa umri wa kuanza chekechea, alikuwa ameingia majini hadi magotini. Mama yake ameketi hatua chache nyuma, anasoma. Gogo jeusi likaja na mkondo, limezama nusu, linaelekea kwa mtoto.

Sikumwona Mama akiinuka. Nilisikia tu ukelele wake, ule wa kwetu, unaowafanya watu wa ng’ambo zote mbili waache majembe. Alikuwa tayari ndani ya maji na viatu vyake. Alimkamata mtoto mkono, akamng’oa majini kama mtu ang’oavyo muhogo, akamtupa kwenye nyasi.

Mtoto alilia kilio kibaya. Mkono ulining’inia. Mama yake alipiga mayowe kwa lugha yake. Watu walisimama, wakatuzunguka bila kutugusa. Gogo lilipita taratibu, likaendelea na safari yake.

Polisi walikuja. Walikuwa na adabu sana, na adabu ile ndiyo iliyonitisha.

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo. Mtoto aliye ukingoni ni wa yeyote aliye karibu. Mimi mwenyewe nilivutwa hivyo na mwanamke nisiyemjua, bega likavimba, na nilipofika nyumbani Mama alinichapa, kisha akampelekea mwanamke yule samaki.

Jumatatu, 12 Julai.

Kiwiko cha mtoto kiliteguka. Daktari alikirudisha jana ileile. Shemeji anasema kwa watoto wadogo hutokea hata wakivutwa kidogo. Lakini mama wa mtoto ameandikisha malalamiko: mtu mgeni amemjeruhi mwanawe. Polisi wamechukua pasipoti ya Mama. Wameagiza pia asiisogelee familia ile. Familia hiyo inakaa mtaa wa pili kutoka hapa, nyumba yenye lango la buluu.

Kaka ameketi jikoni. Ombi lake la uraia liko mezani kwa wakubwa, naye anaogopa. Sikumuuliza. Inaonekana wazi.

Shauri kwa msafiri: usimguse mtoto wa mtu.

Nimeliandika, nikalitazama. Ni shauri sahihi, nami nimelifunika daftari.

Jumatano, 14 Julai.

Mama amehojiwa. Niliruhusiwa kuketi nyuma. Mkalimani alikuwa mwanamke wa Unguja aliyeishi hapa miaka mingi, Kiswahili chake safi kama kioo. Mama alijibu kwa Kiswahili chake cha mtoni, kifupi, kilichochanganyika na Kipokomo.

Kabla ya kuingia tulikuwa tumemwomba, sote. Aseme alichanganyikiwa. Aseme ni mzee, jua lilimpiga, hakujua alitendalo. Shemeji alisema maneno hayo yangelimaliza jambo. Mimi ndiye niliyeyapanga vizuri zaidi, kwa hoja tatu. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama chuoni walinifundisha kumwita mama yangu mwendawazimu.

Afisa aliuliza kama alijua mtoto si wake. Ndiyo. Kama aliona mama wa mtoto yupo. Ndiyo, ila alikuwa anasoma. Kama alikusudia kuumiza. Mama alicheka kidogo kwa mshangao, na nikaogopa kwamba kicheko kitaandikwa.

Kisha afisa akauliza kama angefanya tena. Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri aseme hapana. Hata afisa, nadhani.

“Mwambie maji yake siyajui. Yangu nayajua. Nikiona kitu kile kinamjia mtoto wa mtu, mkono utatoka kabla sijauliza.”

Mkalimani alisita. “Bi mkubwa, una hakika niyaseme hivyo?”

“Kwani nimesema kwa Kichina?”

Akayasema. Afisa aliandika kwa muda mrefu.

Alhamisi, 15 Julai.

Hakuna habari. Sikula.

Ijumaa, 16 Julai.

Shemeji amempigia simu mwanasheria wa shule yao. Inaweza kuwa faini. Inaweza kuwa mahakama, na Mama akalazimika kubaki baada yetu. Inaweza kufutwa. Neno lililoko katika faili, anasema, ni lile la mwisho: kwamba angefanya tena.

Nalifikiria kila dakika. Mama peke yake katika nchi hii, akisalimu watu njiani na kusimama akingoja jibu. Nafikiria pia, na ni lazima niandike ukweli hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu, kwamba Bwana DO atasikia. Garsen yote itasikia. Mhitimu aliyempeleka mamake Ulaya akamwacha gerezani. Naona haya kwa kufikiria hilo. Bado nalifikiria.

Baba hatanii tena. Ameanza kumwita Mama kwa jina lake la usichana. Sikulijua.

Mama anauliza jambo moja tu: mtoto anaendeleaje, na lini tutakwenda kumjulia hali. Nimemweleza amri ya polisi. Anasema amri ile si ya watu waliolelewa. Umemuumiza mtoto wa watu, siku zinapita, hujatia mguu kwao, hujakaa ukamtazama? Basi ulikusudia. Kwetu hata watoto wanalijua hilo.

Nilimkataza. Nilipaza sauti. Sijawahi kumpazia sauti Mama.

Jumamosi, 17 Julai.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Viatu havipo. Ndizi zilizokuwa juu ya friji hazipo.

Nilijua. Nikamwamsha Baba. Baba alitoka na malapa, bila koti. Tulikimbia. Sijui tulionekanaje, wanaume wawili weusi wakikimbia katika mtaa ule wa maua madirishani. Niliona pazia likisogea. Nilimwambia Baba tutembee. Tukatembea.

Lango la buluu lilikuwa wazi.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, leso kichwani, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefika msibani. Ndizi zimelazwa kando. Mlangoni alisimama mama wa mtoto, simu mkononi. Uso wake mweupe kama chokaa. Hakuwa akizungumza na yeyote. Kidole kilikuwa juu ya vitufe.

Nilisema kwa Kiingereza kwamba naomba radhi, kwamba tunaondoka sasa hivi, kwamba hajui sheria. Mama alinikatiza bila kugeuka.

“Usimwondoe mtu msibani kabla hajakaa. Mwambie nimekuja kumwona mgonjwa. Akinifukuza nitakwenda. Akinyamaza nitakaa.”

Nilitafsiri. Nilitaka kupunguza. Sikujua nipunguze wapi.

Yule mwanamke aliuliza, polepole, kwa nini hakuna mtu aliyemwambia ni nini alichokiona mama huyu majini. Nikamwambia. Kwetu gogo la aina ile lina macho. Hatungoji kuyaona. Alinitazama kana kwamba namtania, kisha akamtazama Mama, viatu vyake ambavyo havijakauka sawasawa tangu Jumapili. Hakutabasamu. Hakusema amesamehe.

Mtoto alitokea nyuma ya sketi ya mamake. Mama hakumgusa. Alikaa na mikono yake magotini, akamtazama kiwiko kwa makini. Mtoto akakikunja na kukikunjua, akaonyesha. Mama akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akakung’uta leso, akasema twendeni.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa yule mwanamke tulipofunga lango. Njia nzima nilisubiri king’ora. Siku nzima. Nasubiri hadi sasa.

Jumatatu, 19 Julai.

Polisi walipiga simu asubuhi. Nilikaa sakafuni kabla Shemeji hajamaliza kusikiliza.

Malalamiko yameondolewa. Mama achukue pasipoti yake kesho. Hawakutoa sababu, na hakuna aliyeuliza.

Kaka alitoka nje, akasimama bustanini akitugeuzia mgongo. Baba alirudia wimbo wa babu yake, wote, kwa sauti. Mama aliuliza chakula cha mchana ni nini.

Jumanne, 27 Julai. Garsen.

Tumerudi. Joto, vumbi, mbu.

Watu wanamiminika kusikia. Baba anasimulia barafu ndani ya masanduku na treni isiyopiga kelele. Mama anaitikia, anamwaga chai. Hakuna anayetaja mto. Hatukukubaliana hivyo, imekuwa tu.

Sipati usingizi. Hakuna tena kinachoweza kunifuata, nami bado nasikiliza mlango.

Jumapili, 1 Agosti.

Baada ya ibada niliteremka mtoni kuoga. Maji yamepungua, rangi ya chai ya maziwa. Wanawake wanafua ndani ya ua wa miti. Dumu la mtu likaponyoka, likatoka kwenye pengo la ua, na binti mdogo akatoka nje ya ua kulifuata. Maji yakamfika kiunoni.

Nilikuwa karibu kuliko wote. Ningeunyoosha mkono tu.

Sikuunyoosha. Nilisimama nikimtafuta mama yake kwa macho. Nilijiuliza ni mtoto wa nani.

Mama Hadha, jirani yetu, aliitupa nguo aliyokuwa akifua, akanipita, akamnyakua mtoto mkono hadi nchi kavu. Mtoto akaangua kilio. Kutoka juu ya ukingo mamake alipiga kelele: “Mwongeze kofi, huyo hasikii!” Wanawake wakacheka.

Mama Hadha aliniangalia, maji yakimtiririka. “Na wewe msomi umesimama kama nguzo ya simu! Umepofuka huko Ulaya?”

Nao wakacheka zaidi. Nikacheka pia. Maji nyuma yake yalikuwa matupu, hayana kitu. Hakuna aliyeyatazama mara mbili.

Sikuoga. Nyumbani Mama alikuwa uani, anachagua mchele. Niliketi karibu naye, nikatia mkono kwenye ungo, nikaanza kutoa mawe. Hakuniuliza kwa nini nimerudi mkavu. Tulichagua hadi ukaisha.