Gari Dogo la Kukokotwa, na Moyo wa Maxine

Kambi ya Ocotillo,
Quartzsite, Arizona.
14 Machi 2014.

Mpendwa mdogo wangu Ardis,

Salamu nyingi kutoka huku jangwani zikufikie huko Fairbanks, kwenye baridi yenu isiyojua kuchoka. Goti lako linaendeleaje? Soren aliniambia kwenye simu siku ya Krismasi kwamba unapanda ngazi kwa kujivuta. Msikilize daktari, mdogo wangu, usiwe mbishi kama mama. Na Soren mwenyewe, kikohozi kimemwachia? Sisi tunapumua na tunakula, na kwa umri wetu hilo ni jambo la kushukuru. Ila barua hii naiandika roho ikiwa juu juu. Ukiona maneno yanarukaruka, nivumilie.

Najua umeshangaa kimya changu tangu Januari. Sikutaka kukutia hofu kwa simu, maana ukisikia sauti yangu tu ungejua. Wifi yako Maxine alianguka. Tulikuwa tumekaa nje chini ya turubai, anamenya chungwa, mara chungwa likamtoka mkononi na yeye akafuata. Uso ulikuwa na rangi ya majivu.

Unalijua gari-nyumba letu, refu kama basi, kitanda, jiko na choo vyote ndani. Likishaegeshwa kambini linakuwa nyumba kwelikweli: bomba la maji, waya wa umeme, mpira wa maji machafu, na jeki zimekita ardhini. Kuling'oa ni shughuli. Isitoshe, mimi sijawahi kuliendesha hata hatua moja. Dereva ni Maxine, aliyeendesha basi la shule miaka yote ile pale Fergus Falls. Mimi fundi piano, gari kubwa kuliko yote niliyowahi kushika lilinibeba mimi na mkoba wangu wa vifaa. Basi nikakaa mchangani nimempakata kichwa, nasubiri gari la wagonjwa litoke mji mwingine. Ardis, sijui kama umewahi kuisikiliza barabara tupu. Mimi naijua sauti yake sasa.

Ilikuwa mshipa wa moyo. Hospitalini waliuzibua na kuuwekea kijibomba cha kuupanua. Daktari akanivuta pembeni, akaniambia yakirudi maumivu nisingoje mtu, nimlete mwenyewe haraka. Nimlete na nini? Hapo ndipo nilipoamua kwamba lazima tupate gari dogo la kukokota nyuma ya gari-nyumba, kama wenzetu wengi hapa kambini, gari ambalo hata mimi naweza kuliendesha.

Nilidhani kazi ni kuchagua rangi tu. Kumbe si kila gari linakubali kukokotwa magurudumu yote manne yakiwa chini. Mengine giaboksi yake huungua, kwa sababu injini ikizimwa mafuta hayazunguki, na magurudumu yanaendelea kuizungusha kavu. Ukilipakia kwenye tela, tela nalo lina uzito wake. Na chuma cha kuvutia kilichofungwa nyuma ya gari letu kina kikomo: ratili elfu tatu na mia tano, basi. Mjini Yuma muuzaji mmoja alinionyesha kigari kizuri cha rangi ya fedha, akaapa kinakokotwa bila shida. Nikafungua kitabu cha gari chenyewe, kikasema wazi: kisikokotwe. Nilipomwonyesha akacheka, "Mzee, hivyo vitabu huwa vinatia watu hofu tu." Sikulala vizuri siku hiyo kwa kuwaza ni wangapi wasiosoma.

Wakati huo wifi yako alikuwa ameshachagua lake. Unakumbuka kaka yake, Wendell, alifariki Oktoba kule Flagstaff. Yeye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa. Alimwachia pikapu yake, ya zamani, ya chuma kitupu, nzito kama kanisa.

"Gari tunalo," Maxine akasema. "La bure. Unazunguka kwa wauzaji kutafuta nini?"

"Ni zito, Maxine."

"Kwako wewe hata mto wa kulalia ni mzito."

"Nimesoma uzito wake. Linapita kikomo mbali sana."

"Lyle, mimi nimebeba watoto sitini kwenye barafu. Usinifundishe uzito."

Ningeweza kushindana naye kuhusu chuma. Kuhusu Wendell sikuweza. Tangu mazishi hakuwa ametoa chozi hata moja, na lile gari lilikuwa bado lina kofia yake kwenye kiti. Nilipomwomba basi angalau tununue kifaa cha kukanyaga breki ndani ya lile linalokokotwa, akasema tutanunua tukifika.

Tukapanda Flagstaff, tukafunga pikapu nyuma. Nilimsihi tupite kwenye mizani ya malori, akakubali ili ninyamaze. Pikapu peke yake ilikuwa ratili elfu tano na ushei. Akaitazama ile namba, akatafuna mdomo, akawasha gari.

Ardis, kutoka Flagstaff hadi bonde la Camp Verde barabara inateremka kana kwamba dunia imeinamishwa. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Kisha nikasikia harufu, kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikamtazama Maxine. Alikuwa anakanyaga breki, na mguu unakwenda chini bila kukuta kitu.

"Maxine?"

"Funga mkanda."

"Nimefunga."

"Basi nyamaza."

Alishusha gia, injini ikapiga kelele kama mnyama, lakini pikapu ilikuwa inatusukuma. Niliihisi mgongoni. Malori tuliyokuwa tunayapita yalikuwa yanatupigia honi. Mikono yangu ilishika kiti hadi ikafa ganzi, na nilichokuwa nawaza si kufa, nilikuwa nawaza ule moyo wake wenye kijibomba, unadunda kiasi gani. Mbele tukaona ile njia ya changarawe nzito inayopanda kando ya barabara, waliyoiweka kwa malori yaliyofeli breki. Akalielekeza gari pale kwa mikono miwili, ametulia kama anageuza basi kwenye uwanja wa shule. Tukazama. Vyombo vyote vya jikoni vikaruka. Kisha kimya, na vumbi.

Nikamuuliza kama kifua kinauma. Akazima injini. Baadaye akasema, akitazama mbele, "Wendell alinisukuma shuleni, akanisukuma kanisani, akanisukuma nikaolewa na wewe. Leo alitaka kunisukuma hadi kwake." Akaanza kucheka, na katikati ya kucheka kilio kikamtoka, kile cha tangu Oktoba. Askari wa barabarani alipofika alitukuta tumeshikana, akadhani tumeumia, akaita gari la wagonjwa. Ilibidi tulirudishe.

Pikapu aliichukua Abeyta, rafiki yake Wendell waliyekuwa wakikata kuni pamoja. Maxine alibaki na kofia. Hakunipa pole wala kuniomba radhi, unamjua. Ila breki zilipotengenezwa na tukarudi kambini, alikaa karibu nami mezani akasema, "Haya, fundi piano. Tafuta hicho kikopo chako."

Kikopo chenyewe kilikuwa kwa jirani yetu. Bi Ione, mjane anayekaa mstari wa tatu kutoka kwetu, alikuwa anaacha maisha ya barabarani ili akaishi na binti yake Oregon. Ana kigari cha milango miwili, chekundu kilichopauka kwa jua, na marehemu mumewe alikikokota miaka mingi bila tatizo. Kitabu kinaruhusu. Mizani ikasema ratili elfu mbili na mia tatu, nami nikataka kuibusu. Bei ilikuwa ya kumudu, na Bi Ione akatupa na chuma chake cha kukokotea. Kifaa cha breki tulinunua siku hiyohiyo, na aliyenihimiza ni Maxine.

Tatizo likabaki moja: kina klachi. Mimi klachi niliachana nayo nikiwa kijana, na hata wakati huo hatukuelewana.

Maxine akanifundisha kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kambi, yeye aliyefundisha madereva wa wilaya nzima. "Unasikia gia zinavyolia? Piano ingelia hivyo ungekimbia." Nikazima injini. "Tena." Nikazima tena. Wazee wenzetu walileta viti wakakaa kutazama kama kwenye mpira. Mmoja alipaza sauti, "Maxine, mshushe, mpandishe punda!" Naye akamjibu, "Punda nilishaolewa naye, kaa kimya." Nilicheka na wenzangu, lakini nilijua siku ya kweli haitakuwa uwanjani.

Ilifika wiki iliyopita, wakati wa kifungua kinywa. Aliweka kijiko chini, akashika kifua, akasema ni pilipili ya jana. Nikaona jasho juu ya mdomo wake. Sikubishana naye, nilichukua funguo.

Langoni injini ilizimika. Nikawasha, ikazimika tena. Nilianza kulia, Ardis, sikufichi. Maxine alikuwa ameegemea mlango, mkono kifuani, macho yamefumbwa, akasema polepole, "Inua mguu taratibu. Kama unamwamsha mtoto." Kigari kikaenda. Njia nzima hadi hospitali ya Parker alinifundisha hivyohivyo, kwa sauti inayozidi kuwa ndogo. "Ya tatu sasa, Lyle. Ya tatu." Mlimani nikachelewa, gari likatetema, "Rudisha ya pili, usione haya." Halafu akanyamaza. Nikamwita. Nikamwita tena kwa kelele, akasema, "Nakusikia. Ya nne." Sijawahi kusikia neno tamu kama lile lake la "ya nne".

Pale hospitalini walimpokea kwa mbio, wakampandisha helikopta kwenda Phoenix, nami sikuruhusiwa kupanda. Nikafuata na kile kigari, peke yangu, kwenye barabara kuu, katikati ya malori yenye magurudumu yanayonizidi urefu. Nilikuwa nazungumza mwenyewe kwa sauti ya wifi yako. Nilipofika walikuwa wameshamaliza. Mshipa mwingine. Daktari akasema kwa kuchelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine. Nilikaa kwenye korido nikaitazama mikono yangu, ilikuwa bado inabadilisha gia.

Sasa ametoka. Amelala hapa nyuma yangu ninapoandika, na kila nikimaliza aya nageuka kuangalia kama blanketi linapanda na kushuka. Anakula uji wa shayiri na kulalamika hauna sukari, nami nachukulia malalamiko kama dawa.

Lakini hofu haijaisha, imehama tu. Daktari amemkataza kushika usukani wa gari-nyumba hadi kiangazi kipite, na huku joto likianza hapakaliki. Madaktari wake wa nyumbani wako Minnesota. Mimi gari-nyumba siliwezi, na sitajifunzia barabarani na mgonjwa ndani. Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Jana Maxine akaniambia, kana kwamba ananiagiza chumvi, "Liache hili kambini. Twende na kigari."

Ndivyo tutakavyofanya. Mwenye kambi atatutunzia gari-nyumba hadi tutakapojua mbele. Jumanne, Mungu akipenda, tutaondoka na kile tulichokinunua kikokotwe, nami ndiye dereva, kupitia New Mexico, kisha kukata kuelekea kaskazini hadi nyumbani. Naiogopa theluji ya mwisho ya Nebraska. Naogopa upepo, naogopa mahali ambapo hakuna hospitali, naogopa kukosea gia kilimani na lori nyuma yangu. Tutakwenda asubuhi tu na kulala mapema. Nitakupigia kila tukifika mahali pa kulala. Simu isipolia, usiwaze mabaya haraka, mimi nitakuwa nimeshayawaza yote kwa niaba yako.

Msalimie sana shemeji Soren, na mwanao Karin na mumewe, na wale mapacha ambao sijawaona tangu wakitambaa. Mwambie mchungaji wenu atutaje Jumapili. Naomba Mungu akuponye goti lako, awape nyote joto la nyumba na amani ya usiku, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana nyuso.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda siku zote,

Lyle

Wifi, nimemwomba kalamu. Amekuandikia mambo ya kutisha, sivyo? Usiogope. Anaendesha vibaya sana, lakini anafika. — Maxine