Kama Watashinda Tena

Falls Church, Jumanne, Novemba 1998

Miguu imevimba, lakini si miguu inayonisumbua. Ni lile swali la Bwana Harold, mzee ninayemtunza nyumbani kwake. Tangu timu yake ya besiboli itwae ubingwa, ananiuliza kila siku kama itashinda tena msimu ujao. Binti yake aliniagiza, "Wewe mwambie ndiyo tu." Nami nimekuwa nikisema ndiyo, ingawa mchezo wenyewe nimeujulia kwenye gazeti ninalomsomea.

Leo asubuhi daktari alipiga simu. Dawa hazimsaidii tena, wanaziacha. Bwana Harold alisikiliza, akaweka simu chini, akaniuliza lile lile.

Nilikuwa nimechoka kudanganya. "Hapana," nikamwambia. "Mrusha mpira wenu mkubwa bega limekwisha, na wachezaji wawili wazuri wanahama."

Nilidhani atakasirika. Alicheka hadi akakohoa. "Grace, wewe ndiye wa kwanza kunijibu kweli!" Akanibishia nusu saa nzima, akinitajia chipukizi wote wa timu, huku akimaliza supu bila kubembelezwa.

Kisha akaweka kijiko chini. "Na mimi, nitafika Aprili?" Msimu huanza Aprili.

Ningeweza kusema Mungu ndiye ajuaye. Ni kweli, lakini hakuniuliza hilo.

"Sidhani, Bwana Harold."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi nipigie namba ya binti yangu. Nataka nimwambie mwenyewe."

Nikapiga, nikampa simu, nikatoka nje bila koti. Baridi ilikuwa kali, na sikutaka kurudi ndani upesi.