Kansa ya Vidonge

Jumatatu, 3/11
Kiporo cha ugali, chai, halafu vidonge. Nameza baada ya kula, dokta wa Mwanza alikazia hilo. Kansa ya utumbo. Walishakata, sasa wanafukuza mabaki. Aliniuliza, dripu au vidonge? Kwa kansa yangu nguvu karibu sawa. Dripu, kila wiki mbili niende Mwanza, siku mbili mrija mwilini. Vidonge nameza nyumbani wiki mbili, napumzika moja. Nikachagua vidonge fasta. Mitumba yangu auze nani?

Jumatano, 5/11
Mwalimu, mtani wangu Mzaramo, kaja kuchagua shati. Kaona pakiti.
"We Msukuma! Kansa gani ya vidonge? Basi na mimi ninayo, ya Panadol!"
Soko zima likacheka. Siku zote nacheka wa kwanza mimi. Leo nimemtupia shati usoni. Mpaka waone mrija ndio waamini naumwa? Wapumbavu.

Ijumaa, 7/11
Viganja vyekundu, vinawaka. Nyayo hivyo hivyo. Dokta alisema ikianza hii nisimeze, nipige simu. Sipigi. Atanitundikia dripu, na kesho mnada. Nimemeza.

Jumamosi, 8/11
Mnada wa Mwamapalala. Vidole havifungui hata fundo la mzigo. Nimeuza kwa mdomo. "Mama, sketi hii ya Ulaya, bado haijaposwa!" Wamecheka, wamenunua. Nilikuwa nataka kulia.
Nyumbani mke wangu Nkwimba kanivua viatu. Soksi zina damu. Kachukua simu yangu, kampigia dokta. Kasema yote, hata nilivyoficha. Nimemtukana. Nimemwita msaliti.
"Nikufiche mpaka nikuzike?"
Hasira ikapanda zaidi.

Jumatatu, 10/11
Mwanza. Nimekuja na Nkwimba, nimejiandaa kugombana. Dokta hajanitundikia kitu. Nisimamishe vidonge mpaka ngozi ipone, halafu nianze tena na vichache. Vikinikataa, dripu ipo. Basi. Ningepiga Ijumaa nisingefika kwenye damu. Mjinga mimi. Kilomita zote za kurudi, Nkwimba kaangalia dirishani.

Jumatano, 12/11
Sijameza. Sijaenda sokoni, kaenda Nkwimba na mzigo. Kabla hajatoka kanipaka mafuta kwenye nyayo, polepole. Nimemwomba msamaha kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili ningeanza tena utani.