Mutu wa Ngambo ya Reli

Kasaji, 9 Juni 1976

Yaya Kisimba,

Jambo sana, mukubwa wangu. Uko muzima? Bibi yako Mama Simone eko muzima? Mi niko muzima, ni baridi tu ya huku Kasaji inanipasua midomo.

Rangi ulituma ilifika, na burosi, na zile gunia za unga Mama Simone alifua na kushona pamoja. Gunia inashika rangi muzuri kupita kitambaa cha duka. Padri alitaka nichore ku ukuta wa kanisa Yesu na mitume mu mashua. Bahari sijaionaka hata siku moja, nikachora maji ya ziwa Nzilo, na mitume nikabapatia sura za batu ya kwetu Musonoi. Bakristo banacheka, banaleta bandugu yao kuona.

Baba yangu, ule kampuni ilitoa Kasai akuje kuchimba mugodi, alisemaka kuchora ni uvivu. Kwenu na kwetu ilikuwa mulango kwa mulango, ulikuwa unasikia matusi yote. Njo we ukaniambia: "Ntambwe, we chora. Mi nitatafuta rangi." Toka siku ile haujachoka.

Mudogo wako,
Ntambwe

Kolwezi, 1 Agosti 1976

Mudogo wangu Ntambwe,

Salamu mingi. Kwetu bote bazima. Simone eko na mimba. Akizaa mwanaume tutamuita Mwenze, jina la baba.

Ile picha ya bamama ku bomba ya maji nimeitundika mu biro ya kampuni, nyuma ya kiti yangu ya ukarani. Bakubwa banapita, banasimama. Mumoja akauliza kama ninauzisha. Nikasema hapana, lakini mwenye kuichora ni mudogo wangu na anarudi karibuni. Basi rudi. Kazi ya kuchora iko mingi hapa.

Na uache kunishukuru kila mara. Mikono yangu inajua kalamu na muhuri tu. Lakini mutu akiona picha yako akasema, "Huyu ni mutu wa Kisimba," mi ninarudia ku nyumba kifua mbele.

Yaya wako,
Kisimba

Musonoi, 15 Novemba 1992

Yaya,

Habari ya siku mingi? Miguu inakuuma tena? Mushiya, bibi yangu, anakusalimia. Eko na mimba. Tulizani tumemaliza, Mungu akacheka.

Ninaandika juu haufike tena huku Musonoi. Kampuni inaanguka, mushahara hautoke, na batu banasema ni sisi ya Kasai tulikula yote. Banatuita bilulu, wadudu. Mi nilizaliwa hapa, Yaya. Kasai niliisikiaka mu kinywa ya baba tu. Mwenze wako anapita na bijana benye fimbo. Mutoto niliyemushika mukono kumufundisha kuchora, leo haniamkie. Sema naye.

Mudogo wako,
Ntambwe

Kolwezi, 10 Desemba 1992

Ntambwe,

Pole na mawazo. Sisi bazima kidogo. Bitapita, bile bitu. Mwenze ni kijana, anafuata benzake. Noeli ikipita nitasema naye.

Yaya wako,
Kisimba

Kolwezi, ku gare ya treni, 2 Aprili 1993

Yaya Kisimba,

Jambo. Sijui niulize afya namna gani, mi mwenyewe ninalala inje na batoto.

Bijana balifika asubuhi, Mwenze mbele. Akasimama pa mulango, akaniita bado baba. "Tata Ntambwe, toka polepole. Sitaki bakupige." Mushiya akamuuliza, "Mwenze, chakula ulikula mu hii nyumba, kilikuwa na uchungu?" Akaangalia chini. Kisha akasema, "Mama, tokeni tu."

Tuko batu elfu na elfu hapa, tunangojea treni ya kutupeleka Kasai. Mushiya amezalia chini ya hema ya plastiki, mutoto mwanamuke. Maziwa haitoke muzuri.

Picha zangu zote zilibakia mu nyumba. Ninakuomba uzichukue, uzichunge. Na ukuje, Yaya. Tuonane kama batu.

Mudogo wako,
Ntambwe

Kolwezi, 20 Aprili 1993

Ntambwe,

Pole sana. Mi niko na homa, haitoke. Na bijana bamefunga barabara ya gare, banauliza kila mutu anaenda kuona nani. Masere Abigaëlle, ule mutawa wa parokia, banamuacha apite. Atakuletea hii barua na unga. Nikipona nitakuja.

Yaya wako

Ku gare, 24 Aprili 1993

Yaya,

Unga ulifika. Mushiya anasema asante.

Lakini jana nilikuona. Ulikuwa ngambo ya reli, na kofia yako ya kazi, pembeni ya bamama benye kuuzisha maandazi. Hakuna mutu alikufunga njia. Nikanyanyua mukono. Ukatoa kofia yako, ukaiangalia, ukairudisha ku kichwa, ukaenda. Batoto baliniuliza, "Si ni Tata Kisimba?" Nikasema hapana, ni mutu anafanana naye.

Usirudie kuja vile. Vuka ama bakia kwako.

Ntambwe

Mwene-Ditu, 19 Juni 1993

Kisimba,

Tumefika Kasai. Treni ilikuwa inasimama siku mingi mu pori, bila maji. Mutoto hakufika.

Tunalala mu shule ya parokia. Batu ya hapa banasema Kiluba chetu, luga ya baba yangu, ni cha kigeni.

Ntambwe

Kolwezi, 11 Julai 1993

Mudogo wangu Ntambwe,

Salamu, na pole ya mutoto. Nimerudia kuandika hii barua mara na mara.

Sikukuwa na homa. Mwenze njo anakaa mu nyumba yako. Nilijua barua yako ya gare haijafika bado. Nikajiuliza: nikivuka reli, nitaongea nini? Nitauliza mulilala namna gani, na mutoto wangu analala mu kitanda yenu? Njo sababu miguu ilikataa.

Siku treni yenu ilitoka nilienda kwa Mwenze. Picha moja aliikata, akaziba nayo dirisha. Nikaanza kuzishusha. Akasema, "Baba, unataka batu baseme sisi ni batu ya bilulu?" Nikasema, "Sema na mi vile tena." Alikaa chini, akafunika uso. Nikafunga picha na kamba, nikakimbia ku gare. Nikakuta masufuria na nguo chini, na imbwa.

Ile picha ya biro pia niliishusha, sijaitundika tena. Simone ananipatia chakula bila kusema. Mu kanisa ninakaa nyuma. Kila mutu akiniita Tata, ninaona kama ananicheka. Niambie nifanye nini na hii haya. Inanikula, Ntambwe.

Yaya wako, kama unakubali bado,
Kisimba

Mwene-Ditu, 6 Februari 1994

Kisimba,

Jambo. Tuko bazima. Ninapata kazi ya kuandika majina ku misalaba.

Barua yako nilimusomea Mushiya. Aliweka mihogo chini. Kisha akasema: "Ameandika haya yake, chakula yake, nafasi yake mu kanisa. Mutoto wangu hakumuuliza jina. Hakuuliza alizikwa wapi." Akarudia ku mihogo yake.

Mi sina ya kuongeza.

Ntambwe

Kolwezi, 3 Machi 1994

Mama Mushiya,

Jambo na heshima. Uko na haki.

Mutoto aliitwa nani? Alizikwa wapi?

Kisimba

Mwene-Ditu, 30 Aprili 1994

Tata Kisimba,

Mi ninasema, Ntambwe anaandika.

Aliitwa Mianda, jina la mama yangu. Alikufia Kaniama, treni ilikuwa imesimama. Banaume balichimba na sahani na mikono, juu hatukukuwa na chepeo ya kuchimba. Ni pembeni ya reli, ukipita gare, upande wa jua kuzama. Mashini ya treni ikalia, tukapanda. Sikumaliza hata kumulilia.

Sisi nauli ya kurudia pale hatuna.

Mama Mianda

Kaniama, 22 Juni 1994

Mama Mianda, na Ntambwe,

Ninabasalimia. Nilifika juzi. Mwenze alinisindikiza, aliniuliza kama anaweza, nikamuambia sijui, panda.

Mutu wa reli alituonyesha nafasi. Makaburi ni mingi, Mama. Mafupi ni mingi kupita marefu. Hakuna musalaba, hakuna jina, majani imepanda mupaka mu kifua. Tulitafuta, tukauliza bamama ya soko, tukauliza balinzi. Hakuna mutu anajua gani ni ya Mianda.

Basi tunalimia yote. Mwenze alianza upande wa reli, mi upande wa pori. Mikono imetoka malengelenge. Kesho tunaendelea.

Kisimba