Haradali Iliyoombwa Bondeni

Shangazi Notburga,

Naomba unisaidie haraka, nimejifungia bafuni hotelini hapa Innsbruck, redio nimeiweka sikioni nikisubiri unijibu kwenye kipindi chako, na nje nagongewa mlango. Tumetoka Regensburg kwa gari tunaelekea Ziwa Garda, mimi, mpenzi wangu Magdalena na mama yake, Bibi Stadlhofer, mzaliwa wa huku Tirol, ambaye miaka yote ananiita Bwana Petersen na mimi namwita Bibi Stadlhofer, na huko ziwani ndiko nilikopanga kumposa binti yake, basi tukasimama hapa kupumzika, tukapanda gari la waya mpaka mlimani, na mimi mtu wa Bremen, kwetu kilima ni tuta la mto, desturi za huku sizijui, tukaingia kwenye kibanda cha chakula, mama akaagiza pombe kali ya peasi, akanipiga mgongoni, akasema, "Huku juu hakuna mabwana wala mabibi, Henning. Mimi niite Burgi," nikafurahi nusura nilie, tukaimba, tukashuka, na jioni mezani, mbele ya wahudumu, nikamwambia, "Burgi, hebu nisogezee haradali," uma ukamponyoka, akanitazama, akasema, "Bwana Petersen, kwani mimi na wewe tumechunga mbuzi pamoja?" na Magdalena anacheka tu, na kesho tuko gari moja mpaka Italia. Niache kuposa? Nimwite nani?

Henning

Henning, kwanza toka bafuni, wenzako wana haja zao.

Pole, nakuhurumia kweli, lakini umejitakia. Unataka kuoa binti wa mwanamke wa milimani na hujauliza hata siku moja kwao wanaishije? Huku kila mtu anajua: ukipanda ukavuka mita elfu moja juu ya bahari huyo ni Burgi, ukishuka ni Bibi Stadlhofer, na Burgi hapandi gari la kurudi. Wewe haradali umeiombea chini mno.

Kuposa usiache. Ila ulitaka kuposa ziwani, chini kabisa kule, mbele ya Bibi Stadlhofer? Una akili timamu wewe? Asubuhi mpe heshima zake zote, mfungulie mlango wa gari, nyamaza, endesha. Njia ya Italia inapita mlimani Brenner, na Brenner imevuka mita elfu moja vizuri tu. Simama pale, toa chupa ya peasi, na Burgi akishateremka garini mwombe binti yake hapo hapo. Burgi akikubali, Bibi Stadlhofer hana pa kukimbilia.

Ila usihutubie, akubali kabla hamjarudi garini. Kutoka pale barabara inateremka.