Chupa Kumi na Mbili za Kilema

Kilema, 3 Februari 1956

Mdogo wangu Kasmir,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini umeitikia huko Kariakoo, kama bado unasali. Sisi wazima, isipokuwa Baba. Koo limefunga. Mtori haupiti, maziwa yanarudi, hata pombe yake ya mbege ameisukuma, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Daktari anasema tumpe chochote kitakachopita.

Jana kaniambia, "Mwandikie Kasmir aniletee soda yake." Nikadhani ni homa. Unakumbuka Krismasi ile ulipomletea chupa ya kwanza ya soda uliyotengeneza mwenyewe: alionja, akasema inanuka kutu, akaimwaga kwenye shina la mgomba mbele ya wageni. Sasa anasema, "Nataka kujua mwanangu alikiacha kihamba akakimbilia nini." Kihamba chote, nyumba, migomba na kahawa, bado anakushikia wewe, kitinda mimba wake. Tuma haraka.

Dada yako,
Theopista

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, 19 Februari 1956

Dada Theopista,

Shikamoo. Nasali, acha uchokozi. Unapomsomea Baba barua hii, mpe chupa moja kabla hujaimaliza. Nimempa Sadalla, dereva wa lori, chupa kumi na mbili za machungwa, nimezifunga kwa magunia zisipasuke njiani. Utaona lebo yangu ina jina la kwetu: Soda ya Kilema.

Mwambie hatujambo. Mashine inasumbua kidogo, ndiyo kawaida ya mashine. Ile kampuni kubwa imeleta malori mapya, lakini Kariakoo ina kiu ya kututosha wote. Kazi ikipungua nitakuja kumwona.

Mdogo wako,
Kasmir

Kilema, 8 Machi 1956

Mdogo wangu Kasmir,

Tumsifu Yesu Kristu, na leo itikia kwa sauti! Nilimpa kwa kijiko. Ikapita. Kijiko cha pili, cha tatu, kisha akaninyang'anya chupa. Akacheua, akacheka, sijamsikia akicheka tangu Mama afariki. Akasema, "Haina kutu." Akaagiza jirani yetu Blandina aitwe, na katekista, kila mmoja anywe funda moja, nami naona chupa zinapungua, roho inaniuma.

Halafu akasema, "Sasa nimeelewa. Huyu ana kihamba chake huko Dar. Nisimfunge." Jumatatu ya Pasaka anawaita wazee wa ukoo ampe kihamba Tarsis, mtoto wa marehemu kaka yetu. Akishatamka mbele yao, hakuna wa kutengua. Nimelia kwa furaha. Umemshinda mzee, Kasmir.

Dada yako,
Theopista

Kariakoo, 17 Machi 1956

Dada,

Shikamoo. Barua hii isome peke yako kwanza.

Ile soda si yangu. Mashine ya gesi ilikufa mwezi wa kwanza. Kantilal wa Mchafukoge, yule Mhindi aliyeniuzia, ameagiza mpira wa pampu Bombei, na kila meli ikiingia tunakwenda wote wawili forodhani kuuliza, tunarudi mikono mitupu. Barua yako iliponifikia sikuwa na hata chupa moja. Nikanunua soda za ile kampuni kubwa, nikazimimina kwenye chupa zangu, nikaziba, nikabandika lebo. Uliyoniandikia nilidhani ni maneno ya mgonjwa anayetaka kinywaji tu. Sikujua anapima maisha yangu.

Hata mpira ukija, nimechelewa. Wenye maduka hawapokei tena soda yangu. Wananikatalia kwa upole, na huo upole ndio unaoniumiza. Nimebaki na makreti matupu na kile kihamba tu. Nataka kurudi nyumbani. Mvua zimekata barabara, malori yamekwama, ndiyo maana nimelipia barua hii iende kwa ndege. Mwambie Baba kabla ya Jumatatu ya Pasaka. Akasirike, anitukane, lakini asitamke. Nakuomba kwa jina la Mama.

Mdogo wako,
Kasmir

Kilema, 11 Aprili 1956

Mdogo wangu Kasmir,

Tumsifu Yesu Kristu. Simu ya msiba najua uliipata, na najua mvua ndizo zilizokuzuia. Baba tulimzika Ijumaa.

Barua yako ililetwa Jumamosi Kuu, nimekaa kando ya kitanda chake. Niliisoma kimya. Akaniuliza, "Anasemaje mwanangu?" Alikuwa ameshika chupa ya mwisho, imebaki robo, anailamba kidogo kidogo imfikishe Jumatatu. Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa nilifungua, Kasmir. Nikajisikia nasema, "Anasema mashine inakwenda vizuri." Akasema, "Nilijua."

Jumatatu wazee walikuja, akatamka. Tarsis ameshaanza kupogoa kahawa. Usimchukie, hajui lolote. Mimi ndiye niliyekunyima kwenu, kwa uongo uliouanzisha wewe, na sijui ni nani kati yetu amwombe mwenzake msamaha. Chumba kipo kwangu, hata mume wangu akinuna.

Sadalla akipita nitakurudishia chupa zako. Nimezisugua kwa majivu, hazina harufu. Ni kumi na moja. Ya kumi na mbili hakukubali kuiachia, tukamzika nayo.

Dada yako,
Theopista